Wapiga Kinanda Watatu wa Kutu

Jericho, Nairobi
14 Januari 2024

Kyule mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapolinganisha wapiga kinanda ni kutazama mkono wa kulia. Mkono wa kulia ndio unaokimbia, ndio unaopigiwa makofi. Lakini anayetaka kujua nani anapiga na nani anacheza tu, afumbe macho asikilize mkono wa kushoto. Wa kulia ni mdomo wa mtu, wa kushoto ni miguu yake. Mdomo unaweza kukudanganya. Miguu inakuonyesha anakokwenda.

Nasema haya kwa sababu katika barua yako ya Krismasi uliniuliza huyo Lydiah anayekushikia nafasi kwenye kinanda anapigaje. Ungeweza kumuuliza Mbuthia kwa simu, naye angekujibu "yuko sawa" na kurudi kwenye dramu zake. Umeniuliza mimi, kwa hiyo vumilia.

Jumamosi nilikwenda karakana ya Mbuthia pale Mbotela. Bado wanafanyia mazoezi humo humo, misumeno ikishanyamaza, na bado natoka na maranda ya mbao kwenye kofia. Sikutegemea kwamba baada ya kufundisha nyimbo za kanisani maisha yangu yote ningezeekea kwenye muziki wa metali, tena huu wenu unaobadilisha hesabu kila mtu akitaka kukaa sawa. Lakini bendi ya Kutu ni ninyi wanafunzi wangu, na nani aliyewafundisha kuhesabu saba kwa kusema Ma-ka-da-ra, Je-ri-cho? Ni mimi. Basi lawama nazipokea.

Lydiah ana sikio. Anajua kunyamaza, jambo ambalo wewe ulijifunza kwa shida. Katika "Maji ya Jumanne", pale gitaa la Johnson linapoanza kulia, wewe ulikuwa ukijibu kila neno. Yeye anaweka sauti moja ndefu chini yake, kama mtu aliyemshika mwenzake begani. Nilipenda. Ila sehemu ya tatu ikifika, pale mkono wako wa kushoto ulipokuwa ukitembea saba huku wengine wote wakipiga nne, yeye anaiacha. Anapiga nne na wenzake. Wimbo unakuwa na mdomo tu.

Ulizaliwa wa mkono wa kushoto, na walimu wengine walitaka nikuchape hadi uandike kwa wa kulia. Nilikataa. Kila nikikusikia ukipiga nilijua kwa nini.

Stuli yako ipo. Hakuna aliyeikalia. Lydiah anakalia kreti ya soda, kama tulivyokubaliana, kwa sababu anayekwenda kutafuta kazi hapotezi nafasi yake. Hapa Jericho mtu akiacha mtungi wake kwenye laini ya maji akaenda kwa shughuli, nani anayeusogeza? Ukimaliza mkataba Novemba utakuta mtungi wako mbele.

Binti yangu Kaluki ataipiga picha barua hii na kukutumia. Nawe ujibu kwa mkono wako, kwenye karatasi, kama nilivyowafundisha wote.

Wako,
Mwalimu Nyamai


Doha
4 Februari 2024

Kwa Mwalimu Nyamai,

Niaje Mwalimu! Najua hupendi niaje, lakini uko mbali, huwezi kunivuta sikio.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi jamaa ninaolala nao chumba kimoja wakauliza kama ni ya mpenzi. Nikawaambia ni ya mzee wa miaka sabini na mbili. Wakanihurumia.

Kazi ni ile ile. Ghala kubwa, mizigo inapita kwenye mkanda wa mashine, sisi tunapanga. Mkanda una mlio wake. Mwanzoni ulinisumbua, halafu siku moja nikagundua unahesabu tano. Sasa nikiwa kazini miguu inahesabu tano na kichwa kinapiga "Maji ya Jumanne" juu yake. Mhindi mmoja aliniuliza kwa nini natikisa kichwa. Nikamwambia ni shingo.

Nimenunua kinanda kidogo cha mtumba kwa Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao. Ijumaa tukipumzika napigia juu ya kitanda, na vipokea sauti masikioni nisiwaudhi watu. Sehemu ya tatu nimeiongezea kitu, Mwalimu. Mkono wa kushoto sasa unaanza saba, unakwenda kumi na moja, unarudi saba. Nitawaonyesha nikirudi. Siwezi kuielezea, ni ya kuona.

Mwambie Lydiah asante kwa kunishikia nafasi, lakini asizoee! Natania. Msimwambie hivyo.

Kusema kweli, hiyo stuli ndiyo inayonifanya niamke. Huku mtu ni nambari kwenye fulana. Nikikumbuka kuna mahali pamewekwa jina langu, napanda basi la kazi bila kinyongo.

Msalimie mama yangu. Mwambie nakula.

Mwanafunzi wako,
Kyule


Jericho, Nairobi
17 Machi 2024

Kyule mwanangu,

Lydiah ameondoka. Nitakueleza ilivyokuwa, maana ukisikia kwa Mbuthia utadhani ni wazimu wa wanawake, na sivyo.

Walikuwa kwenye sehemu ya tatu. Mbuthia akasimamisha dramu, akasema, "Hapo Kyule alikuwa anashuka, hakuwa anapanda."

Lydiah akaondoa mikono. "Kyule, Kyule, Kyule. Kwani huyu Kyule ni nani? Ndiye aliyeandika Zaburi?"

"Sista, usipandishe hasira," Johnson akamwambia. "Tunakuelekeza tu."

"Mnanielekeza wapi? Tangu mwaka jana nakaa juu ya kreti, chupi imechorwa mistari! Stuli iko hapo inafutwa vumbi kama picha ya marehemu. Mimi si mtungi wa mtu, wa kushika laini."

Nikaona nisaidie. Nilimwambia, kwa nia njema, kwamba kwa kunyamaza na kwa kuchagua sauti amekushinda. Akanitazama akaniuliza, "Na mkono wa kushoto, Mwalimu?"

Unanijua. Sikuwahi kumdanganya mwanafunzi kuhusu alama zake. Nikamwambia wa kushoto haujafika kwako, na labda hautafika. Akachukua mkoba wake, akaniaga vizuri, kwa heshima kabisa, akaenda.

Sasa amekuja Kabiru. Ni kijana anayepiga chapa hati za watu kwenye kibanda nje ya mahakama ya Makadara. Siku nzima anaandika viapo, kwa hiyo vidole vyake ni kama mvua juu ya mabati. Ukimlinganisha na Lydiah, yeye hajui kunyamaza hata kidogo. Ukimlinganisha na wewe, anakupita mbio kwa mkono wa kulia, nakwambia bila kukuficha. Johnson amefurahi, maana sasa gitaa lina mtu wa kushindana naye. Ila mkono wa kushoto anauburuta kama mtoto anayepelekwa shule. Kwenye sehemu ya tatu alijaribu saba, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Akacheka, akasema, "Huyo Kyule wenu ana ubongo wa pili kwenye kiwiko."

Nilitaka usikie hilo. Umeshaacha watu wawili nyuma yako, na hata mmoja hajaweza kufanya kilicho chako.

Mama yako Mwongeli alipita hapa akitoka sokoni. Anasema sasa unapiga simu ya sauti tu, hutaki akuone. Nimemweleza kwamba simu za picha zinakula bando la intaneti. Au sivyo?

Wako,
Mwalimu Nyamai


Doha
21 Aprili 2024

Mwalimu,

Samahani nimechelewa. Mwandiko mniwie radhi, naandikia juu ya goti.

Niko sawa. Wamenibadilisha kazi, sasa niko mlangoni nahesabu magari. Ni kazi nyepesi.

Kabiru msimfukuze. Msimlinganishe na mimi. Mpeni muda.

Nilikuwa na swali. Je, mtu anaweza kupiga ile sehemu ya tatu kwa mkono wa kulia peke yake? Yaani wa kulia uchukue kazi ya wa kushoto. Inawezekana?

Ni swali tu.

Kyule


Jericho, Nairobi
5 Mei 2024

Kyule mwanangu,

Kwanza mwandiko. Nimemwomba Kaluki aikuze barua yako kwenye simu na bado nimesoma kwa kubahatisha. Herufi zimelala kila upande kama walevi. Ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Goti si sababu, tafuta meza.

Pili swali lako, na ni swali zuri. Nadhani unamuulizia Kabiru, upate kumrahisishia, na moyo huo naupenda. Jibu ni kwamba noti zinawezekana, muziki hauwezekani. Nitaeleza. Mkono wa kulia ukichukua njia ya wa kushoto, utapata kila sauti mahali pake, lakini ile ya juu nani ataipiga? Na hata ukiiacha ya juu, uzito wenyewe hauji. Kidole gumba cha kushoto kiko upande wa ndani na kidole cha mwisho kiko nje, huko chini kwenye sauti nzito. Ule wimbo wako umejengwa juu ya kidole cha mwisho. Ndicho kinachopiga ngumi ya kwanza ya kila saba. Mkono wa kulia ukipelekwa kule, sauti nzito inaangukia kidole gumba, na gumba ni punda, hakina adabu. Ni sawa na kumvalisha mtu kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto. Atafika, lakini kila mtu atajua.

Kwa hiyo usimrahisishie. Mwonyeshe.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye ombi la bendi nzima. Wamepata siku za kurekodi mwezi wa Julai, kwa rafiki yake Johnson mwenye vyombo vizuri. "Maji ya Jumanne" itarekodiwa yote, dakika zake kumi na nane. Kabiru ameshika kila kitu ila hiyo sehemu ya tatu. Wiki iliyopita alipiga kinanda ngumi, akainama, na nilipomkaribia nikaona analia. Mbuthia akamwambia, "Buda, si mwisho wa dunia." Naye akajibu, "Kwako si mwisho, wewe una kiti."

Kaa Ijumaa na hicho kinanda chako, weka simu mahali ione mkono wa kushoto, upige pole pole. Saba, kumi na moja, saba, kama ulivyoiongeza. Hatuhitaji kingine. Mkono wako tu, tuuone. Mbuthia amesema ikibidi watairekodi hiyo sauti yako yenyewe na kuiingiza.

Mama yako ameniuliza tena kuhusu picha. Atafurahi kuuona hata huo mkono.

Wako,
Mwalimu Nyamai


Doha
9 Juni 2024

Mwalimu,

Kinanda nimekiuza. Sina cha kurekodi.

Kabiru akae kwenye stuli. Kreti itupeni. Msiningoje Novemba.

Kyule


Jericho, Nairobi
13 Juni 2024

Kyule,

Nimeisoma barua yako mbele ya Mbuthia na Johnson kwa sababu walikuwa hapa wakiingoja. Nilifika mwisho nikaigeuza karatasi aliyonichapishia Kaluki, nikidhani kuna upande wa pili.

Johnson alisema, "Manze, ameona pesa." Nilimkemea, lakini nilipolala nikajiuliza kama hakusema kweli.

Nitakuambia ninavyoliona. Kuna wanafunzi ambao hawakujaliwa, wakafanya bidii, na nikawaheshimu. Kabiru ni mmoja wao, anahangaika na kitu ambacho hakitaki kumjia. Lydiah vile vile. Kati yenu watatu, uliyejaliwa ni wewe, na wewe ndiye unayeuza kinanda na kuandika mistari mitatu, tena kwa mwandiko wa dharau. Mungu hakumpa mtu mkono kama huo auweke mfukoni.

Stuli haikaliwi na mtu. Nimewakataza. Kama hutaki tena muziki, njoo uniambie hapa, ukiwa umesimama mbele yangu. Hadi hapo Kabiru atakaa kwenye kreti na wewe utakuwa na deni la sehemu ya tatu.

Mwalimu Nyamai


Doha
30 Juni 2024

Kwa Mwalimu Nyamai,

Assalaam aleikum. Hunijui. Naitwa Batulo, kwetu ni Isiolo. Nafanya usafi katika kliniki ya wafanyakazi huku, na Kyule nimemjua hapo, Mkenya na Mkenya hawapotezani. Nambari ya Kaluki nimeitoa kwenye simu ya Kyule bila yeye kujua. Akikasirika, atanikasirikia mimi.

Mwalimu, mwezi wa tatu mkanda wa mashine ulimvuta Kyule mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho na kile kinachofuata vilikatwa. Cha kati kipo lakini hakikunji. Barua mlizopata baada ya hapo ameandika kwa mkono wa kulia, herufi moja moja, na mimi nimemshikia karatasi isiteleze. Nilimwambia, waambie. Akasema, "Nikimwambia Mwalimu, atamwambia kila mtu kwa upole, halafu kiti kitaondolewa kwa upole."

Lile swali la mkono wa kulia lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa anajaribu juu ya kitanda. Jibu lako lilipokuja alilisoma akiwa hapo kliniki, akaniomba nimsomee tena pale penye kidole cha mwisho. Kisha akacheka. Akasema, "Mzee hakosei." Ijumaa iliyofuata alimpa kinanda kijana wa Nepali, hakukiuza.

Sikuandiki kukulaumu. Ulikuwa hujui. Naandika kwa sababu baada ya barua yako ya mwisho ameacha kuja kubadilishiwa bandeji. Anatembea mkono ukiwa mfukoni. Kidonda kilikuwa bado hakijafunga vizuri, na nilipomkuta jana kwenye lango nilisikia harufu, Mwalimu. Mimi nasafisha kliniki, harufu hiyo naijua. Nimemwambia, hanisikii. Daktari haendi kumtafuta mtu. Jina lake likipita wanaita la pili.

Anazitunza barua zako zote. Labda wewe atakusikia.

Batulo


Jericho, Nairobi
1 Julai 2024

Kyule mwanangu,

Batulo ameniandikia. Usimkasirikie.

Hii ni karatasi ya nne. Zile tatu nilianza kukueleza jambo, nikaona kwamba sina ninaloweza kueleza. Niliwahi kufikiri kwamba hakuna kitu ambacho mtu akikifafanua pole pole hakipungui ukubwa. Nimekaa na hiki tangu jana na hakijapungua.

Nilitaka kukuambia kuhusu wapiga kinanda wanaopiga kwa mkono mmoja. Wapo. Lakini nimekujibu swali hilo tayari, na ulilisikia jibu, na sijui namna ya kulirudisha. Nilitaka kukuambia stuli yako bado ipo, nikaona hilo nalo ni kukuwekea mzigo. Nilitaka kukuambia Kabiru ameikalia, nikaona ni kukuvua nguo ukiwa mbali. Kwa hiyo sikwambii lolote. Jambo la kiti ni lako, utasema ukiwa tayari, au usiseme.

Sijamwambia mtu. Mbuthia alipita hapa asubuhi hii akauliza, "Huyo jamaa amejibu?" Nikamwambia bado. Alisimama mlangoni kidogo akasema, "Mwambie basi, hata bila kupiga, arudi tu atukane watu." Halafu akaenda kazini. Mama yako yuko kwake Mbotela. Hajui kitu, na si mimi nitakayemwambia. Nilimwona jana akitoka kanisani, akaniuliza kama umeandika. Nikamwambia mwanao ana mwandiko mzuri. Hilo ndilo lililonijia mdomoni.

Johnson anarekodi wiki ijayo, na sehemu ya tatu haina mtu. Itaachwa hivyo, au hawatarekodi. Sijui. Mimi ni mzee niliye katika chumba kimoja Jericho, na huko uliko sina hata wa kumpigia simu isipokuwa msichana anayepiga deki.

Barua hii Kaluki anaituma sasa hivi, bado wino haujakauka. Utaipata kabla hujaingia zamu. Batulo yuko kazini hadi saa kumi jioni na amesema atakungoja kwenye mlango wa nyuma wa kliniki, usipange foleni.

Usinijibu. Usiwaze bendi. Toa mkono mfukoni, nenda kliniki leo, ukafunguliwe hicho kidonda.

Mwalimu Nyamai